Kilichofichika Hakijapotea: Kompyuta Yangu ya Mifumo Miwili na Arbuni za Sikukuu

 

Leo nataka kukuhadithieni mtihani ulionipata Ramadhani iliyopita, siku chache kabla ya Sikukuu. Mtihani wenyewe ulianzia kwenye kompyuta, lakini uliishia pahala pengine kabisa, kwenye amana za watu. Mie si mtaalamu wa kompyuta. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaenda kujifunza ushonaji, na tangu hapo riziki yangu Mwenyezi Mungu ameiweka kwenye charahani. Kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya fundi wa nguo, na mwenye kompyuta kama yangu insha Allah atapata cha kumfaa.

Nyumba moja, vyumba viwili

Duka langu ni la nguo za kike: mabaibui, madira, magauni ya harusi, na zikikaribia Sikukuu, nguo za watoto. Miaka mitatu nyuma nilijikusanya nikanunua mashine ya kudarizi. Unachora ua lako kwenye kompyuta, unalihifadhi kwenye flashi, unaichomeka flashi kwenye mashine, nayo inadarizi yenyewe huku wewe unakata kitambaa kingine. Programu iliyokuja na mashine hiyo inafanya kazi kwenye Windows tu, basi nikatafuta kompyuta ya mezani, ya mtumba lakini nzima, yenye Windows.

Tabu yangu ilikuwa virusi. Wateja wanakuja na flashi zao zina picha za mishono waliyoipenda, nami nazichomeka moja baada ya moja. Haupiti muda mafaili yanajificha, kompyuta inakuwa nzito kama imebeba mawe. Mdogo wangu, ambaye sasa yuko Maskati kikazi, alipokuja likizo akaitazama akanambia, "Dada, hii nyumba nitakugawia vyumba viwili." Akaigawa diski nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza akaiacha na Windows yake. Nusu ya pili akaweka Ubuntu, ambayo ni mmoja katika mifumo ya Linux. Haiuzwi, unaipakua bure. Jina lake ni la lugha za kusini mwa Afrika, na maana yake ndiyo huu huu utu wetu. Nikalipenda tangu siku hiyo.

Virusi vile vya flashi vimetengenezwa kuishi Windows. Vikiingia Ubuntu vinakaa tu kama mgeni asiyejua lugha. Kwa hiyo nikajipangia: kudarizi ni Windows, daftari ni Ubuntu. Kwenye daftari hilo kuna jina la mteja, simu yake, vipimo vyake, siku ya kuchukua nguo, arbuni aliyoitoa na baki yake. Na upande huo una neno la siri, kwa sababu vipimo vya mwanamke ni stara yake. Mtu amevua baibui mbele yangu, nimempima kifua, kiuno na nyonga, nikaandika. Ameniamini mimi peke yangu.

Kila asubuhi nikiwasha, kioo kinatoa orodha fupi. Mstari wa kwanza Ubuntu, wa pili mambo ya ziada ya Ubuntu, wa tatu Windows. Inahesabu sekunde kumi. Nisipochagua, inaingia Ubuntu. Nilizoea mpaka vidole vinachagua vyenyewe huku macho yako kwenye kitambaa.

Asubuhi menyu ilipotoweka

Ilikuwa mwezi ishirini na moja Ramadhani, tumeshaingia kumi la mwisho. Usiku wake umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nami kwa kuogopa kompyuta isiungue nikaichomoa kabisa ukutani. Asubuhi nikaichomeka, nikawasha. Ikatoa mlio, yakaja maandishi meupe ya Kiingereza kwenye kioo cheusi, mwisho wake yakisema nibonyeze F1 kuendelea. Nikabonyeza bila kusoma. Nina nguo za wateja arubaini na mmoja za kumaliza, nisome maandishi ya nini?

Ikaingia Windows moja kwa moja. Hakuna menyu. Nikazima, nikawasha tena. Windows. Mara ya tatu, Windows. Ubuntu haipo, na daftari halipo. Dada zangu, mikono iliniishia nguvu.

Haikupita saa akaingia bibi mmoja mtu mzima, amekuja kuulizia madira matatu ya wajukuu zake. Akasema, "Mwanangu, nilikupa elfu hamsini, imebaki elfu arubaini." Mie kichwani nakumbuka thalathini. Nilikuwa nimefunga, sijalala vizuri, na kompyuta ishanivuruga. Nikamjibu kwa ukali ambao mpaka leo naujutia, "Bibi, wewe ulinipa elfu thalathini." Akanitazama kidogo, hakupandisha sauti. Akasema, "Basi tazama daftari lako." Na daftari ndilo ambalo sikuwa nalo. Nikamwambia arudi kesho.

Hapo ndipo nilipoielewa hali yangu. Watu arubaini na moja wana pesa zao kwangu, na ushahidi wa pesa hizo sina. Kila atakayeingia, ama nitamdhulumu yeye au nitajidhulumu mimi, na sitajua lipi nimelifanya.

"Ingekuwa na kitu ningekiona"

Nikachukua kompyuta nikaipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta mjini. Kijana mwenye adabu zake. Akaiwasha, akafungua ukurasa wa Windows unaoonyesha diski ilivyogawika. Akanionyesha kwa kidole. "Dada, nusu hii ya diski haina jina wala kitu. Tazama, imeandikwa nafasi tupu asilimia mia moja. Naifomati, naiunganisha na hii nyengine, kompyuta itakuwa nyepesi. Elfu ishirini tu."

Nikamwambia, "Humo ndimo lilimo daftari langu." Akacheka kwa upole. "Ingekuwa na kitu ningekiona."

Nilikuwa karibu kukubali. Kompyuta yenyewe inasema pako tupu, na fundi naye anasema pako tupu. Nani mie, mshona nguo, nibishane nao? Mshale wa kipanya ulikuwa umeshafika kwenye kibonyezo. Adhana ya laasiri ikaadhiniwa. Nikamwambia, "Ngoja, niswali kwanza."

Nilipokuwa nimekaa baada ya swala, likanijia jambo moja tu. Vitu hivi si vyangu. Vingekuwa vyangu ningeweza kusema liwalo na liwe. Lakini amana ya mtu huwezi kuifuta kwa sababu umechoka. Nikarudi, nikamshukuru yule kijana, nikampa ahsante ya muda wake, nikaibeba kompyuta yangu kwenye teksi. Simlaumu, alisema alichokiona. Tatizo ni kuwa Windows haijui kusoma namna Ubuntu inavyopanga vitu vyake kwenye diski, na kisichosomeka huandikwa kitupu. Ni kama mtu asiyejua kusoma Kiarabu umpe msahafu, akwambie humu mna michoro tu.

Simu ya Maskati

Usiku baada ya tarawehe nikampigia mdogo wangu kwa video. Maskati wametutangulia saa moja, nikamkuta yuko macho bado. Nikamweleza yote kwa mkupuo. Hakuniuliza kuhusu menyu wala kuhusu diski. Aliuliza, "Dada, saa ya kompyuta inasemaje?"

Nikatazama pembeni chini. Tarehe mosi Januari, mwaka 2015.

Akanyamaza, kisha akaanza kucheka. Mie karibu nilie, yeye anacheka! Akasema, "Dada, hakuna kilichopotea. Betri ya saa imekufa."

Akanieleza, nami nakuelezeni kama nilivyofahamu. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, anayeamka kwanza si Windows wala Ubuntu. Anaamka bawabu mdogo anayekaa kwenye ule ubao mkubwa wa ndani ya kompyuta. Zamani bawabu huyo akiitwa BIOS, kwenye kompyuta za miaka ya karibuni anaitwa UEFI, ingawa mafundi wengi bado wanamwita kwa jina la zamani. Yeye ana foleni yake: nani aitwe kwanza, nani wa pili, kama kuna flashi au diski nyengine iwe ya tatu. Anamwita wa kwanza. Wa kwanza akiitika, yeye kazi yake imekwisha, wa pili haulizwi kabisa.

Kwangu, wa kwanza alikuwa Ubuntu. Na Ubuntu inakuja na mlango wake unaoitwa GRUB, ndio ile orodha niliyokuwa naiona kila asubuhi. GRUB ina hisani, inamjua jirani, kwa hiyo inakuuliza, "Unataka kwangu au kwa Windows?" Windows akiwa wa kwanza hakuulizi. Anafungua kwake, anakukaribisha, hata hukumbuki kama kuna chumba cha pili.

Sasa betri. Kwenye ubao ule kuna betri ndogo, bapa, mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032. Kompyuta ikiwa imechomolewa, betri hiyo ndiyo inayoendesha saa, na katika kompyuta nyingi ndiyo inayoilinda mipango ya bawabu. Yangu ilikuwa imechoka kwa umri. Muda wote kompyuta ilipokuwa kwenye umeme hapakuwa na neno. Usiku nilioichomoa, bawabu akasahau kila alichofundishwa, akarudi kwenye mpango wa kiwandani: Windows kwanza. Maandishi yale meupe ya asubuhi yalikuwa yananiambia hayo hayo, na mie nikayapita.

Akanambia niizime, niiwashe, na pale pale nilipoiwasha nibonyeze F12 mara kwa mara. Ikaja orodha ndogo, si ile niliyoizoea. Mstari wa kwanza Windows. Mstari wa pili, kwa herufi ndogo, "ubuntu".

Ilikuwepo. Ilikuwa imekaa hapo siku nzima, imesogezwa nyuma nafasi moja tu.

Nikaichagua. Menyu yangu ikaja. Nikaingia, nikaandika neno la siri, nikafungua daftari. Wateja arubaini na mmoja, kila mmoja na vipimo vyake. Nikateremka mpaka jina la yule bibi. Arbuni: 50,000.

Wallahi nilishika kichwa. Bibi alikuwa na haki yake, na mimi Ramadhani, kumi la mwisho, nilimkaripia mbele ya msaidizi wangu.

Kurudisha foleni

Usiku ule ule mdogo wangu aliniongoza kuitengeneza foleni. Nikaanza upya, safari hii nikabonyeza F2 badala ya F12. Kuna tofauti: F12 ni ya kuchagua mara moja tu, kesho inarudi ilivyokuwa. F2 inakuingiza chumbani kwa bawabu mwenyewe, huko unachokipanga kinabaki. Nikarekebisha tarehe na saa, nikaenda palipoandikwa Boot, nikaipandisha ubuntu juu ya Windows, nikahifadhi, nikatoka.

Akanifundisha pia kuitazama foleni nikiwa ndani ya Ubuntu. Unaandika efibootmgr, inakuonyesha kila mmoja na namba yake, na mstari unaoanza na BootOrder unakuonyesha nani yuko mbele. Yangu ilisomeka 0001,0000, na 0001 ndiyo Ubuntu. Kama ungetaka kuipanga kutoka hapo, unaandika sudo efibootmgr -o na namba zako kwa mpangilio unaoutaka. Hakikisha namba ni za kompyuta yako, usinakili zangu.

Asubuhi nikanunua betri mpya kwa shilingi elfu tatu. Elfu tatu, dada zangu, na mie nilikuwa nataka kulipa elfu ishirini nifutiwe daftari.

Kisha likaja suala jengine. Msaidizi wangu ndiye anayefungua duka, na kazi yake ni kudarizi. Akichelewa kuchagua, inaingia Ubuntu, ambako hana neno la siri, anakaa kunisubiri. Mdogo wangu akasema hapo hatugusi foleni ya bawabu, hapo tunagusa foleni ya pili, ile ya GRUB. Bawabu aendelee kuitanguliza Ubuntu ili menyu ionekane, lakini ndani ya menyu, asiyechagua apelekwe Windows.

Mpango huo uko kwenye faili linaloitwa /etc/default/grub. Kuna mstari GRUB_DEFAULT=0. Windows ni ya tatu kwenye menyu, nikaweka 3, nikajiona hodari. Ikakataa. Kumbe GRUB inaanza kuhesabu na sifuri: wa kwanza ni 0, wa pili ni 1, wa tatu ni 2. Nikaweka 2. Bado ikaingia Ubuntu! Hapo nikaambiwa nimekata kitambaa lakini sijashona. Kubadilisha faili peke yake hakutoshi, lazima umalizie kwa kuandika sudo update-grub ndipo mpango mpya utumike. Nikaandika, ikatii. Ukipenda badala ya namba unaweza kuandika GRUB_DEFAULT=saved na chini yake GRUB_SAVEDEFAULT=true, basi itakuwa inakumbuka ulichokichagua mara ya mwisho.

Na ile saa

Mtaniuliza, vipi sikuiona tarehe ya mwaka 2015 asubuhi nzima? Kwa sababu nilikuwa nimeshaacha kuitazama saa ya kompyuta. Siku zote nikitoka Ubuntu kuingia Windows, saa ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Nimeweka programu ya adhana humo, magharibi imeingia, misikiti yote inaadhini, kompyuta inasema saa tisa na nusu alasiri. Nikaizima ile programu, nikawa natazama simu, na nikajiambia ndivyo zilivyo kompyuta za mtumba.

Kumbe nayo ina sababu. Saa iliyo kwenye ubao ni moja, lakini vyumba viwili vinaisoma tofauti. Ubuntu huandika humo saa ya dunia, kisha yenyewe inajua Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, inaongeza. Windows inaamini kilichoandikwa humo ni saa ya hapa hapa, haiongezi kitu. Sisi Waswahili tusishangae, maana na sisi tuna saa zetu na za Kiingereza, na mtu akikwambia "njoo saa tatu" unatazama kwanza nani anayesema. Dawa yake ni kuiambia Ubuntu nayo iandike saa ya hapa: timedatectl set-local-rtc 1. Tangu siku hiyo adhana yangu iko sawa. Na nimejifunza kuwa dalili uliyoizoea ndiyo inayokupita mbele ya macho.

Kwa yule bibi

Siku ya pili sikumsubiri aje. Nilimaliza madira yake matatu usiku, nikayapiga pasi, nikampelekea nyumbani kwake kabla ya futari. Nikamwomba radhi mbele ya wajukuu zake, kama nilivyomkaripia mbele ya mtu wangu. Nikamwambia baki yake nimeisamehe. Akakataa katakata. Akahesabu elfu arubaini noti kwa noti, akaniwekea mkononi. Kisha akasema, "Mwanangu, mie sikukasirika. Watu husahau. Ndiyo maana tukaambiwa tuandike."

Nikarudi nyumbani nikafungua Suratul Baqarah, aya ya 282. Nimeisoma mara nyingi maishani, lakini siku hiyo nilikaa nayo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshuka kwa jambo la kuandikiana deni. Mie nilikuwa nimeandika, alhamdulillah. Kosa langu ni kuwa niliandika pahala pamoja, nikaweka ufunguo mmoja, na nilipoukosa ufunguo nikaikimbilia kumbukumbu yangu na kuifanya ndiyo ushahidi.

Ya kuzingatia kwa mwenye kompyuta ya mifumo miwili

1. Menyu ikipotea, usiseme mfumo umefutika. Tazama kwanza foleni. Kwenye kompyuta nyingi za Dell na Lenovo ni F12 unapowasha, kwenye HP mara nyingi ni Esc au F9. Ukiwa ndani ya Windows, unaweza kushikilia kitufe cha Shift huku unabofya Restart, utapata pahala pa kuchagua.

2. Tazama tarehe. Kompyuta ikirudi miaka nyuma kila ikichomolewa, au tovuti zikikwambia si salama ghafla, shuku betri kwanza.

3. Windows ikikuuliza kama ifomati sehemu isiyoitambua, jibu hapana. Na ukimpelekea fundi, mwambie mapema, tena kwa maandishi yaliyobandikwa kwenye kompyuta: kuna mifumo miwili humu, usifute chochote.

4. Betri si sababu pekee. Sasisho kubwa la mfumo au kuweka mfumo upya navyo vinaweza kubadilisha nani anatangulia. Dawa ni ile ile, kupanga foleni.

5. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake wa akiba wenye tarakimu 48 kabla hujagusa mipango ya bawabu, maana unaweza kuulizwa.

6. Windows ina tabia ya kuzima nusu ili iwake haraka, inaitwa Fast Startup. Ikiwa hivyo, Ubuntu huweza kuyasoma mafaili ya upande wa Windows lakini isiweze kuhifadhi kitu humo. Izime tabia hiyo kama unapeleka kazi huku na huku.

7. Weka nakala. Mie kila Alhamisi kabla ya kufunga duka nanakili daftari kwenye flashi inayokaa nyumbani, nayo ina neno la siri. Na arbuni inapotolewa naandika pia kwenye karatasi, mteja anaondoka na kipande chake.

Sikukuu ile nguo zote zilitoka. Ya mwisho ilichukuliwa usiku wa mwezi kuandama, gauni la mtoto wa miaka minne, mama yake anaingia mbio nami nakata uzi wa mwisho. Nilipozima kompyuta usiku huo nilikaa kidogo nikawaza yule kijana na mshale wake kwenye kibonyezo. Ningesema "ndiyo", vipimo vya stara na haki za watu vingefutwa, na kila mtu angeamini palikuwa patupu.

Namwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzilinda amana za watu, atusamehe tulipowadhania vibaya, na atupe subira ya kuuliza kabla ya kufuta. Aamin.